Tupeane uzoefu: pikapu iliyolala nyuma, uliinyanyua kwa njia gani na imekaaje?

Mwanzisha mada

Wakuu, pikapu yangu imelala nyuma. Mzigo ukipanda ndiyo kabisa: taa zinamulika matawi ya miti na usukani unakuwa mwepesi hadi naogopa kona. Ni ya springi za majani (vile vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine), ina kanopi na sanduku la zana ambavyo kwa kawaida havishuki, na mara nyingi inavuta tela.

Kila ninayemuuliza ana dawa yake. Ongeza jani. Weka mifuko ya hewa (ile ya raba inayojazwa upepo na kukaa juu ya ekseli). Refusha sheko (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesisi). Tupa springi zote, funga mpya. Maneno ya wauzaji nimeyasoma ya kutosha, sasa nataka kusikia kwa aliyefunga kitu na kukitembelea. Gari yako inabeba nini, ulifunga nini, ikawaje ikiwa na mzigo, na ikawaje ikiwa tupu? Hilo la mwisho naomba msilisahau, maana hata mimi sibebi kila siku.

Jani la Pili

Mkuu, kabla ya kununua chochote, pima. Egesha mahali tambarare, matairi yawe na upepo unaotakiwa, kisha pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Usianzie chini ardhini, kwa sababu tairi lililoisha au lenye upepo kidogo litakudanganya. Pima ikiwa tupu, pima tena na mzigo wako wa kawaida, andika.

Kama imelala hata ikiwa tupu, springi zimechoka. Kama tupu imekaa vizuri na inalala ukipakia tu, springi ni nzima ila kazi imezizidi. Ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi humu nawaona wakitibu la pili wakati wanaumwa la kwanza.

Yangu ilikuwa chini upande mmoja. Fundi alishanipangia mifuko ya hewa. Nikaingia chini na tochi na brashi ya waya, nikasugua tope kwenye springi ya upande ule, na ufa ukaonekana: jani la pili limekatika karibu kabisa na senta bolti (ile inayopita katikati ya majani yote), na ndani ya ufa kuna kutu, maana yake halikukatika jana. Mfuko wa hewa ungeinyanyua vizuri tu na ningeendelea kutembea na jani bovu. Nilibadilisha springi za pande zote mbili. Msibadilishe upande mmoja, mpya na iliyochoka hazitakaa sawa.

Nusu Tani

Mimi ni kazi ya maji. Tangi la lita 500 likijaa ni nusu tani ya maji peke yake, bado chuma cha tangi, pampu na watu wawili. Nilifunga springi nzima zilizotengenezwa kwa mzigo wa kudumu. Hizi huuzwa kwa madaraja: kuna za gari tupu au mzigo mwepesi, kuna za kilo 300 za kudumu, na kuna za 500 na kuendelea. Neno la kushika hapo ni *kudumu*. Si uzito utakaoubeba mara moja kwa mwezi, ni ule unaolala ndani ya gari.

Tangi likiwa juu, gari inatembea imetulia, haigotei kwenye mashimo, na kona inashika. Siku tangi likishushwa, nyuma inarukaruka, na kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi inataka kukimbilia pembeni kwa sababu matairi hayashiki chini muda wote. Kwangu si tatizo, tangi halishuki. Kwako mwanzisha mada, pima kwanza kanopi na sanduku vina kilo ngapi, ndipo uchague daraja.

Na shokapu zibadilishwe pamoja na springi. Springi ngumu na shokapu za zamani ni kurushwa tu. Halafu kama gari imepanda, shokapu ya urefu wa zamani inaweza kufika mwisho wake kabla ekseli haijashuka yote, ikawa ndiyo inayoning'iniza ekseli nzima.

Upepo Mkononi

Natetea mifuko ya hewa, kwa mtu mwenye mzigo unaobadilika. Mimi wiki natembea tupu, mwisho wa wiki navuta. Nikifunga tela naongeza upepo mpaka gari irudi kwenye kipimo chake, nikilifungua napunguza. Ulaini wa kila siku sijaupoteza.

Ila kuna masharti. Kila upande uwe na bomba lake na valvu yake. Ukiunganisha pande zote kwa bomba moja, kwenye kona upepo unakimbia kutoka mfuko unaobanwa kwenda ule wa pili, na gari inalala zaidi kuliko mwanzo. Pili, usitembee mfuko ukiwa hauna kitu. Watengenezaji huweka kiwango cha chini, nyingi ni kama psi 5, ili raba isijikunje na kujisaga. Tatu, bomba lipitishwe mbali na ekzosi.

Chesisi Kwanza

Upepo Mkononi, nakubaliana nawe kwa mtu anayejua mipaka, ila hili lisemwe wazi. Springi ya majani inaukabidhi uzito kwa chesisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja, juu ya ekseli. Ukiujaza upepo mwingi, ukaweka mzigo mzito nyuma kabisa ya bodi au kwenye ndoano ya tela, kisha ukapita shimo kwa kasi, chesisi inakunjwa pale pale juu ya mfuko. Nimeiona kwa macho, gari ya mtu wa karibu: mwanya kati ya kebini na bodi ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Pikapu ya namna hiyo hainyooki kwa jeki.

Na gari kukaa sawa hakumaanishi kwamba uzito uko halali. Kiwango cha uzito kilichobandikwa na mtengenezaji hakiongezeki kwa kufunga springi. Ekseli, bearingi, breki na matairi ni vile vile. Kilichopotea ni ile dalili ya macho iliyokuwa inakuambia umezidisha.

Tela Nyuma

Naomba niongeze hesabu hapo kwenye tela, kwa sababu ndiyo inayoeleza usukani mwepesi. Chukua tela linalokandamiza ndoano kwa kilo 150, ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3. Zidisha 150 kwa 1.2, gawa kwa 3: ekseli ya mbele imenyang'anywa kilo 60, na ya nyuma haikubeba 150, imebeba 210. Kisaidizi chochote cha nyuma kitanyanyua mkia, ila kilo 60 hazirudi mbele. Zinarudi kwa kusogeza mzigo ndani ya tela, au kwa ile ndoano yenye vyuma vya kusawazisha uzito, kama gari na tela vinairuhusu. Mimi nilianza na kupanga mzigo ndani ya tela, na usukani ulirudi kabla sijagusa springi. Ila usivuke ukasogeza mzigo nyuma sana, tela lenye ndoano nyepesi linayumba vibaya mno kwenye mwendo.

Mguu Mrefu

Sheko ndefu na bloku, kwa ufupi. Sheko ikiongezeka milimita 50, nyuma inapanda kama 25 tu, na pembe ya difu inabadilika. Yangu ilianza kutetemeka kwenye propela shafti nikazitoa. Bloku kati ya ekseli na springi inapandisha kwa unene wake wote, lakini haiongezi nguvu hata kidogo, na ukikanyaga mafuta ikiwa na mzigo springi inajipinda. Zote mbili zinanyanyua gari bila kuisaidia kubeba. Kwa tatizo la mwanzisha mada sizishauri.

Raba Tupu

Nyie mnasahau raba za kubebea. Zinafungwa badala ya ile raba ya kugotea, hazina upepo, hazina bomba, hazivuji. Gari ikiwa tupu hazigusi, mzigo ukishuka ndiyo zinapokea. Natembea nazo njia mbovu na sina cha kuongeza.

Koili

Wenye koili nyuma (springi ya kuviringa), kama Nissan Navara nyingi za D23 au Ram 1500 ya kuanzia 2009: kuongeza jani si yenu. Chaguo ni koili ngumu zaidi, au mfuko mdogo unaoingia ndani ya koili yenyewe. Mimi nilianza na mfuko, baadaye nikaenda kwenye koili za mzigo wa kudumu baada ya kufunga kanopi. Nafurahi nilivyomaliza hivyo.

Mwanzisha mada

Asanteni sana, nimepima kama alivyosema Jani la Pili. Nilishusha kanopi na sanduku, na tela halipo: nyuma kushoto milimita 470, kulia 472. Pikapu kama yangu, mpya zaidi, inasoma zaidi ya 500 pande zote. Majani ni mazima, nimeyasugua yote, ila bushi (raba za kwenye ncha za springi) zimekwisha na upinde wa springi umenyooka. Kwa hiyo ni uchovu. Kanopi na sanduku tumeviweka kwenye mizani, havifiki kilo 200.

Fundi amependekeza kuzitoa springi, azipinde upya na aongeze jani moja. Kuna aliyefanya?

Jani la Pili

Kupinda upya bila kuzipitisha motoni na kuzipoza inavyotakiwa, zitarudi chini. Chuma kilichochoka ukikigonga baridi kinashika umbo muda mfupi tu. Karakana yenye tanuru na inayojua kazi hiyo inafaa, ya nyundo peke yake hapana. Jani la kuongeza ni zuri kwenye springi iliyo hai. Juu ya hizo zako litakuwa linabeba peke yake. Kwa namba ulizoleta, funga mpya za daraja la chini kabisa la mzigo wa kudumu, shokapu mpya, bushi mpya. Tela lishughulikie kwa hesabu ya Tela Nyuma.

Nusu Tani

Naunga mkono. Na angalia kitu kimoja ambacho mafundi wengi wanakiruka: valvu ya breki inayopima mzigo. Baadhi ya pikapu za springi za majani zinayo juu ya ekseli ya nyuma, ina kifimbo kinachoungana na ekseli. Nyuma ikishuka, kifimbo kinasukumwa na valvu inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Ukiinyanyua gari, valvu inadhani haina mzigo, inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umepakia. Yangu baada ya springi mpya ilikuwa inasujudu mbele kila nikishika breki. Ilirekebishwa kwa kusogeza kishikizo cha kifimbo kwa kiasi kile kile gari ilichopanda, kisha ikajaribiwa ikiwa tupu na ikiwa imepakiwa. Taa nazo zipangwe upya siku hiyo hiyo.

Jani la Pili

Pia yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake, si juu ya jeki, la sivyo raba inakaa imepindishwa na kuchanika mapema. Na baada ya kilomita mia chache za mwanzo rudia kukaza yubolti zote. Ikilegea hiyo, senta bolti ndiyo inayobaki kushika ekseli peke yake, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mwanzisha mada

Nimeandika yote. Springi za kilo 300 za kudumu, au zile za chini yake?

Nusu Tani

Una chini ya kilo 200 zisizoshuka. Chukua za chini yake.