Shahada ya Sera ya Jamii na nafasi za kazi Kigoma: naomba mwongozo

Kutoka kwa: Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Nilirejea Ujiji mwezi wa nane mwaka jana, baada ya kumaliza shahada ya kwanza ya Sera ya Jamii nchini Uingereza, kwa kuwa mama alikuwa mgonjwa na sikuwa na moyo wa kubaki mbali. Juzi nilikwenda katika ofisi moja hapa mjini iliyotangaza nafasi ya kazi za jamii, nikiwa na cheti halisi, matokeo ya kila somo, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Mhudumu aliyepokea bahasha alikisoma cheti mara mbili, akaniambia kwanza kwamba hakuna barua ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya kuitambua shahada ya nje, na pili kwamba hata nikiileta, tangazo linataka Elimu ya Jamii (yaani sosholojia) au Maendeleo ya Jamii, na Sera ya Jamii haimo. Nilimweleza kwamba kwa miaka mitatu nimesoma nadharia za sosholojia, mbinu za utafiti na takwimu. Alinirudishia bahasha kwa upole.

Barua ya TCU nitaifuatilia. Ninachoomba kujua ni hiki: yupo kati yenu mwenye shahada ya nje ambayo jina lake halimo katika tangazo, na bado akapokelewa? Alifanyaje?

Kutoka kwa: Dada wa Kasulu (Leeds)

Pole sana mdogo wangu, na mama apate nafuu.

Suala la TCU usilichukulie kuwa dogo. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kwamba waliosoma nje wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na TCU, NECTA (baraza la mitihani) au NACTE (baraza la elimu ya ufundi), na kwamba matokeo ya muda hayapokelewi. Mimi nilipomaliza nilikuwa na barua ya chuo tu, kwa sababu cheti hutolewa siku ya mahafali, na mahafali yalikuja miezi kadhaa baadaye. Nafasi mbili za nyumbani zilinipita nikiwa ninasubiri karatasi.

Jambo la pili, kiandikie kitengo cha ajira cha chuo chako. Vyuo vingi vya huku huendelea kuwahudumia wahitimu wao kwa miaka miwili au zaidi baada ya kumaliza, na mazungumzo unaweza kuyafanya kwa video ukiwa hapo hapo Ujiji. Nilipokuwa mwanafunzi sikuingia humo hata siku moja, kwa kuwa niliamini ni mahali pa watu wa uhasibu na uhandisi, na hilo ninalijutia hadi leo. Nilipokwenda hatimaye, mshauri hakuniuliza nilisoma nini, bali aliniuliza tasnifu yangu niliifanyaje. Nilimwambia kwamba niliwahoji akina mama 24 kwa Kiswahili na Kiha, nikayatafsiri mahojiano na kuyachambua. Akasema hayo ndiyo yaandikwe juu kabisa ya wasifu, na jina la shahada lije chini yake.

Na ukikosa huko, rudi uombe viza ya wahitimu. Ni miaka miwili.

Kutoka kwa: Mzee wa Mwanga (Leipzig)

Binti yangu, sina budi kukusahihisha, maana kijana anaweza kuuza kiwanja kwa kauli hiyo. Viza ya wahitimu ya Uingereza huombwa ukiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha. Aliyekwisha kuondoka na viza yake ikaisha, mlango huo umefungwa kwake. Isitoshe, watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapata miezi 18 badala ya miaka miwili, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu. NACTE nayo siku hizi ni NACTVET.

Kuhusu kazi zenyewe, Ujerumani nilipewa miezi 18 ya kutafuta ajira baada ya masomo, na kumi na mmoja ya kwanza sikuitwa kwenye usaili hata mmoja. Kijerumani changu kilitosha sokoni, lakini hakikutosha kuandika ripoti ya familia yenye matatizo, na mtu wa sayansi ya jamii anaishi kwa kuandika. Kilichonitoa ni jambo ambalo sikuwa nimeliandika kwenye wasifu: kabla ya kusafiri nilikuwa mkalimani katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Niliiona kuwa kazi ya kujikimu tu. Shirika lililoniajiri lilihitaji mtu wa kuzungumza na familia za Warundi, na anayejua Kiha anasikilizana nao bila shida.

Kutoka kwa: Dada wa Kasulu (Leeds)

Nimekosea kuhusu viza, Mzee, na ninaomba radhi kwa kijana. Hata hivyo mengine niliyoandika ni sahihi, nami nisingependa yapotee kwa sababu ya kosa hilo moja.

Kutoka kwa: Mwalimu wa Tabora (Tabora, zamani Oslo)

Ninafundisha vijana wa fani hii hii, na ninaumia ninapoona wanaambiwa wajiajiri na watu ambao hawajawauliza wanajua kufanya nini. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia mkoa wa Kigoma watu 2,470,967. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na kazi ilipokwisha wengi wao walirudi kukaa barazani, ingawa kila halmashauri inahitaji watu wa kuzisoma takwimu hizo na kuzigeuza kuwa mipango ya kata. Hilo si kosa la wanafunzi.

Mwanangu, ulizia kitengo cha serikali cha huduma za ajira (zamani TaESA) kuhusu mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu. Wakati huohuo jifunze KoboToolbox, programu yenye toleo la bure ambayo mashirika ya misaada huitumia sana kukusanya takwimu. Wanafunzi wangu waliomudu hiyo pamoja na SPSS, programu ya kuchambua takwimu, huitwa kwanza, hata kama posho ni ya wiki tatu tu.

Mzee, jina lako la Mwanga, mtaa wa hapo Kigoma mjini, limenikumbusha mbali. Oslo nililala miaka sita nikiota harufu ya mawese na migebuka, na sasa ninaisikia treni ya kwenda Kigoma ikipiga honi hapa Tabora.

Kutoka kwa: Mwana wa Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru nyote. Wasifu nimeanza kuuandika upya, na chuo nimekiandikia leo asubuhi. Nilikuwa karani wa sensa kabla ya kusafiri, nami pia sikuwa nimeliandika hilo popote.

Naomba tu nirudie swali langu kwa heshima: Sera ya Jamii inahesabiwa kuwa Elimu ya Jamii, au haihesabiwi? Barua ya TCU itasema jambo hilo, au itasema tu kwamba chuo kinatambulika? Tangazo linafungwa Ijumaa.

Kutoka kwa: Mzee wa Mwanga (Leipzig)

Linakili tangazo hapa neno kwa neno. Mwishoni mwa orodha ya fani, je, wameandika “au fani zinazolingana na hizo”?