Naomba ushauri: dawa za mitishamba za Kichina kwa huzuni na hasira za kipindi cha kukoma hedhi

Mleta mada
Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 48 na hedhi yangu imeanza kurukaruka. Joto la ghafla na jasho la usiku ninavivumilia. Kinachonielemea ni hali ya moyo. Ninakasirika kwa jambo dogo mpaka watoto wananikwepa, kisha ninajifungia chumbani na kulia bila kujua ninalilia nini. Mtaalamu wa tiba ya Kichina alinipima mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili, akautazama ulimi wangu, akasema kuwa qi ya ini, yaani nguvu ya uhai kwa mujibu wa tiba hiyo, imekwama, kisha akanipa unga wa kahawia wa kukoroga katika maji ya moto. Ninatumia pia vidonge vya shinikizo la damu kila siku. Je, dawa hii inasaidia kweli, na ninaweza kuitumia pamoja na vidonge hivyo?

Mama Watatu
Pole sana, mdogo wangu. Nilipofika umri huo nilitumia dawa za aina hiyo, na usingizi wangu ukarudi, ingawa wakati huohuo nilikuwa nimepunguza kazi za usiku, hivyo siwezi kuapa kuwa ni dawa iliyonisaidia. Nakuomba usikae kimya nyumbani. Waeleze watoto kinachoendelea, kwa sababu wao hudhani kuwa wamekukosea.

Mfamasia
Dada, kabla ya kujibu ningependa kujua kilichomo ndani ya unga huo. Mtaalamu anayejua kazi yake hawezi kukataa kukuandikia majina ya mimea yote. Akikataa, usiitumie dawa hiyo.

Mleta mada
Asante. Ameniandikia hivi: chai hu, dang gui, bai shao, bai zhu, fu ling, gan cao, bo he, tangawizi, mu dan pi na zhi zi.

Mfamasia
Hiyo ni Jia Wei Xiao Yao San. Msingi wake, Xiao Yao San, umo katika kitabu cha dawa cha serikali ya China cha enzi ya Song, na baadaye viliongezwa mu dan pi na zhi zi kwa wagonjwa wenye hasira na joto. Nchini Japani dawa hii inaitwa kamishoyosan, na madaktari wa hospitali huwaandikia wanawake walio katika kipindi hiki, kwa hiyo mtaalamu wako hakubahatisha.

Wasiwasi wangu uko kwenye gan cao, ule mzizi mtamu. Una glisirizini, ambayo huufanya mwili ubakize chumvi na maji na kupoteza potasiamu, na matokeo yake shinikizo la damu hupanda. Kama vidonge vyako ni vya kukojosha, baadhi yake navyo hupunguza potasiamu, na vikikutana na gan cao unaweza kupata udhaifu wa misuli au moyo kupiga bila mpangilio. Usianze kabla daktari wako hajaiona orodha hiyo. Akikubali, pima shinikizo nyumbani mara kwa mara, upimwe na potasiamu, na miguu ikivimba uache mara moja. Kwa anayesoma uzi huu akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: dang gui inaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu. Na zhi zi isitumiwe miaka mfululizo bila kuonana na daktari, kwani nchini Japani matumizi hayo yamehusishwa na mishipa ya damu ya utumbo kuwa migumu.

Msomaji wa Tafiti
Kuhusu kama inasaidia: mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 22 ya mitishamba ya Kichina kwa dalili za kukoma hedhi, na hayakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba inashinda plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake. Dang gui ikitumiwa peke yake ilijaribiwa Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1997, na haikuonyesha tofauti katika joto la ghafla. Mimi sioni hayo kama sababu ya kuidharau tiba hii, bali kama sababu ya kutoiacha iwe tegemeo lako la pekee, hasa kwa kuwa estrojeni inayopanda na kushuka huvuruga usingizi na hisia, na hilo lina tiba zilizopimwa vizuri zaidi: tiba ya homoni kwa asiye na kizuizi, na mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili namna ya kufikiri na kutenda. Omba pia kipimo cha tezi ya thairoidi na cha wingi wa damu, kwani matatizo yake huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na hii.

Mleta mada
Vidonge vyangu ni vya kukojosha kweli. Unga nimeuweka kando mpaka nionane na daktari. Nimsisitizie nini zaidi?

Mfamasia
Mwambie kuhusu kile kilio, dada, usimtajie joto na jasho peke yake. Wengi hulificha hilo, na daktari hutibu alichoambiwa. Mweleze kimeanza lini, kinakujia mara ngapi, na kama umewahi kuwa na huzuni ya namna hii kabla ya hapo, kwa mfano baada ya kujifungua. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri siku ya miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, ukiwa na mtu wa kukusindikiza.