Kigodoro cha sponji kimekojolewa, na Julai hii jua hakuna

Mama Wawili, Umoja:
Jamani, nisaidieni. Mtoto wa dada yangu amekojolea kile kigodoro cha inchi 2 ninachotandika juu ya godoro. Mgongo wangu unakitegemea! Nimekifuta kwa sabuni ya unga, sasa povu haliishi na harufu bado ipo. Nikiloweke kwenye karai?

Jirani wa Kayole:
Usikiloweke, dada. Sponji ikinywa maji huwa nzito, ukiinua inachanika. Kandamiza kwa taulo kavu, usisugue. Nyunyiza siki na maji baridi, nusu kwa nusu, kidogo tu, ukaushe kwa taulo. Kikikauka, mwagia bekingi soda ilale usiku kucha, asubuhi uipanguse.

Fundi wa Viti:
Hata jua likitoka, usikianike mchana kutwa. Sponji hugeuka manjano na kumeguka. Kisimamishe karibu na dirisha lililo wazi, ukigeuzegeuze. Kikirudi kitandani na unyevu kitaota ukungu.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Leo siku ya tatu, kimeegemea viti viwili sebuleni. Nimebonyeza ile kona kwa tishu, imetoka kavu. Harufu naisikia nikisogeza pua kabisa. Usiku narudia soda, kesho natafuta mpira wa kutandika chini ya shuka.