Kundi la simu la Majirani Kona ya Mwembe, Mpwapwa: Mama Tabora anaondoka

JUMANNE JIONI

Mwenyekiti: Mbukwenyi majirani. Mgeni wetu Mama Tabora ameniaga rasmi leo. Mguu umepona, Alhamisi alfajiri anaendelea na safari yake ya Bagamoyo. Ameomba tusifanye sherehe. Nimemwambia hilo siwezi kumwahidi.

Mama Jeni: Mbukwa mwenyekiti. Mimi aliniambia tangu juzi, nikakaa kimya nikidhani atasahau 😢

Baba Yona: Mnyamwezi hapiti Ugogo bila kulipa hongo, ule ushuru wa njia wa misafara ya zamani. Babu zake walilipa vitambaa, shanga na waya wa shaba. Huyu amekula mlenda wetu na sasa anataka kuchomoka alfajiri kama mdaiwa.

Mama Tabora: Baba Yona, babu zangu walilipa wakienda pwani na wakirudi. Babu zako waliwatoza hadi maji ya kunywa. Kaa chini upige hesabu, utakuta nyie ndio mnadaiwa.

Fundi: 😂😂😂 kapatikana leo

Dogo Boda: Mama mimi nakufikisha Gulwe bure kabisa, mafuta yangu.

Mama Tabora: Ubarikiwe mwanangu. Lakini nadhiri yangu ni ya miguu. Ukinipakia itabidi nirudi hapa nianze upya.

Dogo Boda: Mama na treni ya umeme inapita hapo hapo Gulwe jamani. Unakaa kwenye kiti, unasali, unafika.

Mwalimu: Dogo, acha kumjaribu mtu wa Mungu. Hiyo njia anayopita siyo ya jana. Ujiji, Tabora, Mpwapwa, Bagamoyo: ndiyo njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa. Kuna waliopita hapa na mizigo kichwani, kuna waliopita na minyororo shingoni. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, nao waliubeba mwili wake tangu kule Chitambo, Zambia ya leo, wakapitia Unyanyembe karibu na Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Moyo waliuzika kulekule alikofia. Sisi Waanglikana hapa Mpwapwa wamisionari wetu walifika 1876, yaani

Fundi: Mwalimu kengele imegonga

Mwalimu: Sijamaliza. Na misafara mingi ilipumzika hapa, sababu kutoka Ugogo ya magharibi kuja huku unavuka Marenga Mkali, jangwa tupu, na maji yenyewe ya chumvi. Kwa hiyo Mama Tabora siyo wa kwanza kufika Mpwapwa hoi.

JUMATANO

Mama Jeni: Jamani masurufu ya mgeni yapo kwangu. Mpaka sasa: karanga debe moja, unga wa uwele, ubuyu, mlenda mkavu, ufuta, na Baba Yona kaleta jogoo. Hai.

Baba Yona: Ni jogoo wa nadhiri, naye atatembea.

Mama Tabora: Mama Jeni mdogo wangu, kibegi changu umekiona. Kanga mbili, rozari, daftari, chupa ya maji na dawa za mguu. Sitaweza kubeba hata robo. Naomba mgawie watoto wa mtaa.

Mama Jeni: Sawa.

Mama Jeni: Sawa dada.

Fundi: Hiyo "sawa" ya mara mbili mimi naijua, ninaishi nayo nyumbani.

Bibi wa Kona (anaandikiwa na mjukuu): Bibi anasema hivi, mgeni akitoka mikono mitupu watu wa Gulwe watasema Mpwapwa walimnyima. Anasema yeye hataki kusemwa katika umri wake huu. Anasema pia nyie vijana mnaandika sana.

Mama Tabora: Shikamoo bibi. Nimekusikia. Basi tufanye hivi: kila nyumba konzi moja ya karanga za kukaanga, zote kwenye mfuko mmoja. Hizo nitazitafuna njiani nikikumbuka kila mlango. Kingine mnipe nia zenu za maombi, nitaziandika kwenye daftari. Hizo hazina uzito, na Bagamoyo nitazisoma moja moja pale kwenye msalaba pwani, kwa wale Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika 1868.

Bibi wa Kona (anaandikiwa na mjukuu): Bibi anasema marahaba. Anauliza konzi ya mkono wa nani, maana wengine mikono yao midogo makusudi. Sijui anamsema nani.

Mwenyekiti: Hoja imepita. Karanga kwa Mama Jeni kabla ya saa mbili usiku. Nia andikeni hapa, zile za siri mfuateni pembeni.

Baba Yona: Nia yangu mvua. Ije Desemba kama kawaida yake, na isije yote siku moja.

Binti wa Mwalimu: Mtihani wa kidato cha nne, Novemba. Hasa Hesabu. Hasa hasa Hesabu.

Mama Zuhura: Dada yangu, mimi si mtu wa rozari lakini dua ni dua. Marehemu mama yangu kazikwa Bagamoyo, na ni miaka sijafika kaburini. Nitakuchorea njia kutoka msikitini. Mpe salamu tu, umwambie wajukuu wazima. Na tuwiane radhi, kama kuna neno nililokukwaza humu mtaani nisamehe.

Mama Tabora: Mama Zuhura, hukunikwaza hata siku moja, na mimi nisamehe. Nitafika kaburini kwa mama kabla sijatafuta pa kulala.

Mama Tabora: Majirani, kesho midomo itakuwa mizito kwa hiyo naandika sasa. Mnajua nadhiri hii niliiweka mume wangu akiwa mahututi. Hakupona. Watu wakaniambia basi, imefutika. Mimi nilimwahidi Mungu safari, sikufanya naye biashara, ndiyo maana nimetoka. Nilipotoka Tabora nilijiandaa kwa kiu, jua na mbwa. Nyie sikuwa nimejiandaa nanyi. Siku ile nimechechemea kutoka Chunyo, Mama Jeni alinivua kiatu barazani kwake kabla hajaniuliza jina. Soksi ilikuwa imeganda kwenye kidonda. Hakuivuta. Aliilowesha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akakaa ameshika kisigino changu kwenye paja lake huku anabishana na muuza dagaa bei, mpaka soksi ikaachia yenyewe. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, vidonda vya watu nimeosha sana. Kuoshwa mimi sikukuzoea. Nilitaka kukimbia wiki ileile, sikuona uchungu wa mguu kama ule wa kula cha watu nisichokitolea jasho. Huo ndio mlima wa safari hii, Marenga Mkali ilikuwa nafuu.

Mama Tabora: Na kuna jambo limenishinda. Kila asubuhi nakuta ndoo ya maji mlangoni, imejaa, imefunikwa na sahani. Kiangazi hiki, na foleni ile ya bombani! Ni nani? Nataka nimshukuru kwa jina.

Mama Jeni: Siyo mimi. Mimi nilidhani Mama Zuhura.

Mama Zuhura: Wallahi si mimi.

Fundi: Nilidhani kanisa.

Mwenyekiti: Mwenye ndoo ajitokeze.

Baba Yona: Ningekuwa mimi mngeshatangaziwa na spika.

Mama Tumaini: Ni yangu. Ndoo ya bluu. Naomba ibaki kwa Mama Jeni nitaipitia, ninayo hiyo tu.

Mwenyekiti: Mama Tumaini! Tangu tukuunge humu leo ndiyo mara ya kwanza unaandika.

Mama Tumaini: Sikuwa na la kusema.

ALHAMISI

Dogo Boda: Tumemsindikiza mpaka kalavati la pili. Bibi aliishia la kwanza, akampaka majivu kidogo kwenye kisigino, sijui ya nini, hakuna aliyeuliza. Mimi nimeenda naye mpaka karibu na Gulwe nikiisukuma pikipiki imezimwa, nisiharibu nadhiri ya mtu. Mikono haifanyi kazi.

Mwenyekiti: Amebeba nini?

Dogo Boda: Kibegi na mfuko wa karanga. Jogoo amerudi kwa Baba Yona mwenyewe, tumemkuta amemtangulia nyumbani.

JUMATATU

Mama Tabora: Mbukwenyi majirani. Niko Kidete, nimelala kwa mama mmoja wa parokia. Njia inafuata reli, bonde la Mkondoa kavu, kisigino kizima. Jasho limeingia kwenye daftari, nia moja ukurasa wa pili imefutika jina. Mwenyewe anajua, anifuate pembeni.

Mama Tumaini: Nimekuandikia mama.

Mama Tabora: Nimeipata. Nimeikoleza wino.

Baba Yona: Mama Tabora, kwenye ile yangu ya mvua ongeza na ng'ombe. Yule mwekundu hali tangu jana.

Mama Tabora: Nimeongeza. Lakini mwite na bwana mifugo leo hii, usiniachie mimi peke yangu.