Naomba ushauri: wikendi za kutazama ndege wa pwani Dar, nimeanza vibaya

Binti wa Ununio:
Wadau, habari zenu. Huu ni mwaka wa nne natembeza wageni mjini: Kariakoo, Makumbusho, soko la samaki Feri. Novemba, wageni wanne kutoka Uingereza wakaniuliza kama naweza kuwapeleka kutazama ndege wa pwani, Jumamosi na Jumapili. Kwao ni jambo la kawaida. Januari, kwenye baridi kali, watu wanavaa makoti na kwenda mlango wa mto Exe au ghuba ya Wash wakiwa na kiongozi mwenye darubini, kutazama ndege waliokimbia barafu. Nikakubali, maana nimekulia Ununio na ndege hao nawaona tangu utotoni.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi mpevu. Nikawafikisha Kunduchi saa tatu na nusu asubuhi, baada ya chai. Bahari imekupwa hadi mbali, ndege ni vidoadoa huko mwisho, jua linatupiga usoni. Tukajaribu kuwafuata. Mama mmoja akazama kwenye tope hadi magotini, kiatu kikabaki humo humo. Walinilipa pesa yote bila lawama, lakini niliumia sana. Nawapenda wale ndege na sikuwatendea haki.

Sasa wanataka kurudi mwisho wa Januari, wakiwa wanane. Niwapeleke wapi, na saa ngapi? Na wanane si wengi? Ningependa pia siku moja Watanzania wenzangu waje.

Nahodha Mstaafu:
Mwanangu, ulifuata saa ya chai ukaacha saa ya maji. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kukupwa sana. Hapa Dar siku za bamvua maji hukupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa kwa wastani wa dakika 50. Wewe umefika ndege wakiwa wamefuata chakula chao ukingoni kabisa.

Chagua bamvua hiyo hiyo, ila nenda saa nane mchana. Tulia mahali pamoja. Maji yanapanda, tope linapungua, na ndege wanasukumwa kidogo kidogo kuja kwako. Usiwafuate, watakufuata wao. Na pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo mchana jua linakuwa mgongoni mwako na rangi zote unaziona. Siku za maji mafu maji hayaendi mbali, tope linalofunuka ni dogo.

Binti wa Ununio:
Shikamoo mzee. Nimekaa pwani miaka yote hii sikuwahi kuliwaza hilo la jua.

Sululu wa Kigamboni:
Dada, hongera kwa kuthubutu. Kunduchi ni sahihi. Pale daraja la Salenda, tope la mdomo wa mto Msimbazi lina ndege wengi, ingawa maji yake ni machafu, usimruhusu mtu kushuka. Mkiwa na siku ya tatu, fikirieni mlango wa mto Wami kule Saadani, mnaingia kwa boti kati ya mikoko.

Wageni wako wataona jamaa wanaowajua: yule mdogo anayekimbizana na wimbi, yule anayepindua mawe kutafuta chakula. Aina hizo hukaa msimu huu Uingereza na hapa kwetu pia. Lakini wasichokipata kwao ni yule mkubwa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa. Huyo huzaliana pwani za Uarabuni na Ghuba, anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, kisha anakuja kwetu. Tazama vizuri utaona kinda mwenye rangi ya kijivu akimlilia mzazi wake amlishe. Amesafiri masafa yote hayo na bado analishwa! Kila mwaka nikimwona nasimama.

Usiwaambie wageni kuwa msimu ni Januari tu. Wengine wanafika tangu Agosti. Na wale vitwitwi, ndege wadogo wa pwani kutoka Siberia wenye mdomo uliopinda, ukiwaona Aprili kabla hawajaondoka wamegeuka rangi ya tofali.

Mama Mikoko:
Mimi nasema wanane ni wengi kwa kiongozi mmoja. Gawa wanne wanne au tafuta msaidizi. Maji yakijaa kabisa wale ndege wanajibana kwenye fungu dogo la mchanga kupumzika. Ukiwarusha mara tatu kwa siku unawachomea mafuta wanayoyaweka kwa safari ya kurudi. Mkiona wote wameinua vichwa, simameni hapo hapo. Wakianza kutembea kuelekea majini, rudini nyuma.

Na karatasi zako ziwe sawa. Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya 2008. Mbudya na Bongoyo ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio. Mikoko nayo ni msitu wa hifadhi, ulizia TFS, wakala wa misitu wa serikali, kabla ya kuingia.

Kijana wa Tegeta:
Dada, ukituandalia sisi siku moja bila kulala hoteli, darubini za kuazimana, nipo. Hata elfu ishirini natoa.

Binti wa Ununio:
Mrejesho, wapendwa. Niliwaomba wageni wasogeze tarehe iangukie bamvua. Nikawagawa wanne wanne, binamu yangu akachukua kundi la pili. Saa nane mchana tukakaa kwenye mikeka chini ya mvinje, bila kutembea. Saa moja nzima hatukuona cha maana na nikaanza kuogopa. Kisha maji yakapanda, wakaanza kuja. Kwanza vitwitwi, halafu sululu watatu, wale wakubwa wenye mdomo mrefu uliopinda, halafu wala kaa ishirini na kitu wakitembea kwa mstari. Yule mama wa kiatu ndiye aliyemwona kinda. Alinishika mkono hakusema kitu.

Mzee Nahodha, naomba unisaidie tarehe za bamvua ya Machi zinazoangukia Jumamosi. Kijana wa Tegeta, tafuta wenzako watatu, nimeshaazima darubini mbili.