Muosha maiti aliona jeraha, baba hataki kaburi lifukuliwe. Tuanzie wapi?

BintiLangoni:
Assalamu alaikum. Naandika kutoka Amu, yaani Lamu. Kakangu, miaka 26, alikuwa mvuvi. Wiki tatu zilizopita alitoka jioni na wenzake wawili kwenda kuvua upande wa Mkanda. Alfajiri wakarudi wawili, wakasema ameanguka usiku, maji yamemchukua. Siku ya pili akaonekana kwenye mikoko. Askari walikuja, wakamtazama kama dakika kumi, wakaandika amekufa maji. Hakupasuliwa. Na sisi, kusema kweli, tulishukuru, maana tulitaka azikwe kabla ya magharibi.

Juzi mzee mmoja wa waliomuosha alikuja akaketi dakani kwetu, akamwita mjomba. Akasema hapati usingizi. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na pamba ya kwanza ililowa wakaongeza ya pili. Hakusema siku ile kwa sababu muosha hasemi alichokiona kwa maiti.

Baba kasikia, kajibu neno moja: mwanangu amelala, hafukuliwi. Mama haongei kabisa. Nishaurini.

Pweza_Mkavu:
Wataje hao wawili hapa hapa. Amu ni ndogo, tutawajua.

MzeeWaMokowe:
Pweza, tulia. Umesahau ya Kiwayu? 2011 Mwingereza aliuawa kule na mkewe akatekwa. Ali Kololo, mkata kuni wa huku huku kwetu, akahukumiwa kifo 2013, na hoja kubwa ilikuwa viatu vilivyodaiwa kulingana na nyayo mchangani. Sehemu kubwa ya kesi hakuwa na wakili. 2023 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu, na upande wa mashtaka wenyewe haukuitetea. Zaidi ya miaka 11 ya mtu imekwenda. Binti, usitaje jina la yeyote, hata kwa shoga yako.

Kachero_Mstaafu:
Pole sana dadangu. Kazi hii nimeifanya miaka 22, na maiti ya majini imetudanganya wengi. Kaa anatafuna masikio, mwamba unatoboa, rafadha inakata. Kwa hiyo tundu peke yake si mauaji, na pia si la kupuuzwa. Mpasuaji ndiye anayetafuta kama jeraha lilipatikana mtu akiwa hai. Wiki tatu mchangani mapafu hayatasema kitu, lakini fuvu likivunjika alama inabaki.

Kufukua si kazi ya polisi kujiamulia, ni amri ya hakimu, na hakimu huyo huyo anaweza kufanya inkwesti, yaani uchunguzi wa mahakama kujua kifo kimetokana na nini. Muosha aandikishe taarifa yake kwanza, msitoke kituoni bila nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Wakiwazungusha, nendeni ofisi ya mwendesha mashtaka wa umma. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, nao hupokea malalamiko bila malipo. Siku ya upasuaji ombeni daktari wenu awepo.

Sasa nijibu mawili: nguo alizovaa ziko wapi? Na mashua?

Maweni254:
Mimi niko Malindi, nina jamaa waliopotelea Shakahola, kule msituni wafuasi wa mhubiri walikofunga mpaka kufa. Machi 2023 watoto wawili walikuwa wameshakufa, mhubiri mtuhumiwa akaachiwa kwa dhamana. Aprili ufukuaji ukaanza, na miili ikapita 400. Familia za kwanza zilikabidhiwa wao Machi 2024, kisa DNA. Shangazi alichukuliwa mate, akawa kila simu ikilia anavaa buibui. Nyinyi angalau mnajua aliye kaburini ni nani. Lakini jiandaeni kungoja.

UstadhMpole:
Muosha anasitiri aibu ya maiti: umbo lake, rangi iliyogeuka. Jeraha la kupigwa ni aibu ya aliyepiga. Huyo mzee aende akaseme bila kuogopa. Kufukua bila dharura maulamaa wanakukataza, ila wapo waliohesabu haki ya damu kuwa dharura. Mjomba ampeleke babako kwa Kadhi. Hatalipokea kwako, atalipokea kwa mwenye kilemba.

BintiLangoni:
Mjomba amekubali, Jumatatu inshallah kwa Kadhi. Muosha naye kasema ataandikisha. Nguo, mama hakuzifua. Fulana na kikoi viko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Kachero_Mstaafu:
Plastiki hapana! Vinaozea humo. Vaa glavu, vianike ndani kivulini, visiguswe na mtu mwingine, kisha kila nguo kwenye mfuko wake wa karatasi. Andika tarehe, wewe na mjomba mtie sahihi. Mkivikabidhi kituoni, dai risiti. Hujanijibu la mashua.

BintiLangoni:
Mifuko ya unga ipo. Mashua nimepita jana nikaiona, imepandishwa ufuoni. Imekwanguliwa ndani na nje, inanuka sifa mpya, yale mafuta ya samaki ya kupaka mashua.

Kachero_Mstaafu:
Piga picha leo, kabla ya jua kuzama. Usiisogelee, simama mbali.