Wazazi Darasa la 3: kipindi cha chawa kesho

Mwalimu wa darasa: Habari za jioni wazazi. Kesho kipindi cha afya ni chawa wa kichwani. Nesi yumo humu, naomba tuwe na kauli moja, mtoto asisikie hili shuleni na lile nyumbani.

Nesi: Nzuri mwalimu. Anza na hili: chawa hana mabawa, na miguu yake si ya kurukia. Anatambaa tu, unywele hadi unywele. Kwa hiyo anavuka vichwa vinapogusana.

Mama Salma: Wakiogeshwa vizuri si inatosha?

Nesi: Haitoshi mama. Chawa anafuata damu, na kichwa kilichooshwa asubuhi hii anakipanda vilevile. Mwalimu, nakuomba sana, neno "uchafu" lisitajwe kesho hata mara moja. Mtoto akiona aibu atajikuna kwa kujificha. Tena anayepata chawa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza.

Mwalimu wa darasa: Sawa, halitatajwa. Nimeandaa nyuzi mbili nyeusi. Mmoja nimeubandika punje za ufuta kwa gundi, wa pili nimeunyunyizia unga. Mtoto anapuliza. Unga ukipeperuka, hiyo ni mba. Punje zinabaki palepale mpaka uzikwangue kwa kucha: hayo ndiyo mayai.

Nesi: Hiyo wataikumbuka 👏🏾 Rekebisha kitu kimoja: ufuta ni ukubwa wa chawa mzima, milimita 2 hadi 3. Yai ni dogo zaidi. Na ubandike punje karibu na mwanzo wa uzi, maana yai linataka joto la ngozi, linagandishwa ndani ya milimita 6 kutoka kichwani. Ukiliona mbali zaidi ya sentimita 1, mara nyingi ni ganda tupu.

Mwalimu wa darasa: Kanuni ya watoto nimeifanya moja: vichwa visigusane. Tutaigiza. Wawili wanasoma kitabu kimoja, kila mmoja anashika upande wake. Watatu wanapiga picha, wanasimama mabega kwa mabega. Nywele ndefu zinafungwa. Kofia, vitana na vibanio kila mtu na vyake.

Nesi: Ni sawa, ila mkazo uwe kwenye vichwa. Kofia ni njia ndogo, chawa akitoka kichwani hamalizi siku 2. Hakuna haja ya kupulizia nyumba dawa ya wadudu.

Baba Juma: Niongezee ukaguzi wa nyumbani, maana kuangalia nywele kavu kwa macho kunakosa wengi. Lowesha nywele, paka kondishena nyingi, chana kwanza kwa chanuo la meno mapana. Zilizosukwa zifumuliwe. Kisha gawa mafungu membamba, chukua kitana cha chawa cha meno ya kubanana, kiguse ngozi, vuta taratibu hadi ncha. Kila mvuto mmoja, pangusa kitana kwenye karatasi nyeupe. Kisogoni na nyuma ya masikio ndiko wanakojazana. Nywele fupi dakika 10, ndefu au za kipilipili hadi 30.

Mama Salma: Nikimkuta mmoja tu?

Baba Juma: Huyo umemwona, wengine hujawaona. Chana siku ya 1, 5, 9 na 13, kagua tena ya 17. Mayai huanguliwa kwa takriban siku 7 hadi 10, ukiacha katikati unaanza upya. Na wote wa nyumbani wakaguliwe siku hiyohiyo.

Nesi: Anayetaka dawa, losheni ya permethrini 1%: nywele zioshwe kwa shampuu isiyo na kondishena, maana kondishena inaizuia kushika. Zikaushwe kwa taulo, ipakwe, dakika 10, isuuzwe. Haiui mayai, hivyo inarudiwa siku ya 9. Wengi wanaruka mara hii ya pili, halafu wanasema dawa ni feki. Mafuta ya taa na petroli MARUFUKU, yanaunguza ngozi na yanashika moto.

Mama Salma: Na mito?

Nesi: Foronya, taulo na kofia za siku 2 zilizopita, maji ya moto nyuzi 54 kwenda juu. Kisichofulika funga kwenye mfuko wa plastiki wiki 2. Vitana maji hayohayo, dakika 10.

Mwalimu wa darasa: Asante. Nikimgundua mtoto nimrudishe nyumbani? Na orodha niiweke humu?

Nesi: Amalize masomo yake, atibiwe jioni, kesho arudi darasani. Orodha hapana mwalimu. Mpigie mzazi wake peke yake, na humu andika tu "tukague vichwa leo".

Mwalimu wa darasa: Basi naandika sasa hivi: wazazi wote, tukague vichwa leo 🙏🏾